Breki ya Kufika Tu

Juzi nilimkuta fundi mmoja kijana amechuchumaa kando ya pikapu ya watu, simu ameisimamisha juu ya boksi la spana, anajirekodi. Gurudumu la nyuma lilikuwa linavuja mafuta ya breki. Badala ya kufungua ngoma ya breki aangalie raba za silinda, kijana alifungua bomba la mafuta, akachomeka bolti fupi mdomoni mwa bomba, akakaza, akaiambia simu yake, "Wasee, hivi ndio tunasort mteja akiwa na haraka. Dakika tano, gari iko road." Mwenye pikapu alicheka, akampa kijana mkono, akawasha, akateremka mlima na breki tatu. Nyuma alikuwa amepakia mitungi ya maziwa, na mkewe amekaa juu ya mmoja.

Nilimwuliza kijana hiyo kazi inaitwaje. Akasema, "Ni ya kufika tu, mzee." Nikamtukana. Najua nimefika umri wa kuheshimiwa, na najua mimi ni mzee wa kanisa, lakini nilimtukana kwa Kiswahili, nikaongeza kwa Kijaluo, kisha nikamalizia kwa Kikipsigis ili mwenye duka la vipuri hapo jirani naye apate fungu lake kwa kumwuzia bolti. Halafu nikamdai kijana namba ya mwenye pikapu, nikampigia, nikamwambia ashushe mzigo hapo alipo na alirudishe gari tupu ili bomba lifunguliwe. Alirudi kesho yake, anaendesha polepole kama amebeba mayai. Nilisimama hapo hapo kijana akibadilisha raba, mwanzo mpaka mwisho. Mpaka leo amenuna.

Kwa wasionijua, mimi ni Ochieng, ingawa huku kwenye majani chai wengi huniita Fundi tu. Wazazi wangu walitoka upande wa ziwa wakaja Kericho kuchuna majani, nikazaliwa kwenye laini za nyumba za wafanyakazi, nikasoma hapa, nikaoa hapa, nikafungua magari ya hapa kwa karibu miaka arobaini kabla magoti hayajagoma. Sasa nimestaafu. Nina muda mwingi wa kukaa na hasira, na hasira hii sitaki kufa nayo tumboni. Nyinyi mnaoshika spana leo ndio nitakaowamwagia. Mkimaliza kusoma mnaweza kunichukia, na mtaona wenyewe kwamba mna sababu.

Hiyo kazi ya kufika ni yetu sisi, na inafaa mjue ilitoka wapi. Jani la chai likishachunwa halingoji mtu. Likikaa kwenye gunia linapata joto, linageuka jekundu, na kiwanda kinalikataa. Kwa hiyo lori la majani likiharibika saa nane mchana, kuna wakulima katika senta tatu za kununulia majani mbele wamekaa juu ya magunia yao wakiangalia barabara, na kila mmoja anamlaani dereva. Dereva anakuja kwako anatokwa jasho. Hataki utengeneze, anataka afike. "Fundi, nifanyie ya kufika." Tumekulia katika maneno hayo, na tulijivunia sana ujanja wetu. Ekzosi imeanguka, unaifunga kwa waya wa ua. Tangi la dizeli limetoboka, unaziba kwa kipande cha sabuni. Mkanda wa feni umekatika, unaomba soksi ndefu za mwalimu wa kike anayepita. Nimefanya yote hayo na sijuti hata moja, maana ekzosi ikianguka inapiga kelele tu. Kosa letu ni kwamba tuliacha mchezo huo ukafika kwenye breki.

Tulieni niwaeleze breki, maana wengi wenu mnajua kubadilisha tu na hamjui mnachobadilisha. Ukikanyaga pedeli, mafuta yanasukumwa kwenye bomba mpaka kila gurudumu. Ukiziba bomba moja, kazi ya gurudumu lile wanagawana yaliyobaki. Kwenye tambarare hutaona tofauti yoyote, ndiyo maana mteja anarudi kukusifu. Lakini nionyesheni tambarare huku kwetu. Huku unapanda au unashuka, na ukishuka umebeba. Breki tatu zinafanya kazi ya nne, zinapata moto, na moto huo unapanda mpaka kwenye mafuta. Mafuta yakichemka yanatoa mapovu, na mapovu yanabonyea. Dereva anakanyaga, pedeli inaenda mpaka kwenye sakafu, na gari linaendelea na safari yake.

Halafu mafuta ya breki hunywa maji kutoka hewani, na huku mvua ni karibu kila alasiri. Yakishakunywa maji yanachemka mapema zaidi. Yabadilishe yote kila miaka miwili hata mteja akisema bado mazuri. Ukiona yamekuwa na rangi ya chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, umeshachelewa. Ukimaliza toa hewa, anza na gurudumu lililo mbali zaidi na pedeli, na usiniambie umetoa hewa kama hujaona mafuta yanatoka bila povu. Usiongeze oili ya injini, raba zitavimba na breki zitashika zenyewe. Na usiongeze maji ya sabuni! Nimewahi kufungua chupa ya breki nikakuta inanuka sabuni ya kufulia, na fundi aliyeitia alikuwa na cheti chake ukutani, ndani ya fremu, chini ya picha ya Yesu.

Dereva naye mfundisheni, asijifanye mteja ni mfalme. Mlima mrefu ushukwe na gia ndogo, injini ishike gari, mguu upumzishe breki. Wapo wanaotoa gia kabisa wakishuka kutoka Kapkatet eti wanaokoa mafuta. Wakifika chini ngoma zinatoa moshi, wanamwagia maji baridi, ngoma inapasuka, kisha wanakuja kulia kwako.

Na hapo hapo nimalizie ya thamostati, maana nayo inaniumiza roho. Nani aliwaambia thamostati ni ya Ulaya? Kila gari linaloingia gereji na injini iliyochemka, dawa yenu ni moja, mnang'oa thamostati mnatupa. "Hii ni ya wazungu, mzee, Afrika ni joto." Afrika gani? Mwezi wa saba asubuhi unatoka nje Kericho pumzi yako unaiona, umevaa sweta mbili na kofia ya kuziba masikio, halafu unang'oa kifaa kinachoisaidia injini ipate joto! Injini inafanya kazi ikiwa baridi mwaka mzima, inakunywa mafuta, inajikwangua ndani, na ukiulizwa unasema gari limezeeka. Tafuta kwa nini imechemka. Ni rejeta imeziba, au pampu ya maji, au feni, au ni wewe uliyetia maji ya mto wakati dawa ya rejeta inauzwa. Thamostati ikiharibika nunua nyingine, uitie kwenye maji ya moto kabla ya kuifunga, uione ikifunguka kwa macho yako.

Mimi sikuzaliwa najua. Aliyenifundisha ni Mzee Onchari, Mkisii mfupi aliyekuwa na gereji ya mabati kwenye barabara ya kwenda Kipkelion. Wiki yangu ya kwanza alinipa gari la mchungaji nibadilishe oili. Nikafungua nati, oili ikatoka, nikafunga, nikajaza injini oili mpya galoni nzima. Kumbe niliyomwaga ilikuwa ya giaboksi. Gari la mchungaji likawa na injini imelewa na giaboksi kavu. Onchari hakunipiga. Alinifunga macho kwa leso ya mkewe, akawa ananipitishia vikopo chini ya pua, hii oili ya injini, hii ya gia, hii ya breki, kila siku kabla ya uji, mpaka nikajua kwa kunusa tu. Oili ya gia inanuka kama kiberiti kilichoungua. Nyinyi mna simu, lakini simu haina pua.

Onchari alikuwa na masharti mawili ambayo hakuyavunja. La kwanza, kila kitu cha zamani unachotoa kwenye gari unampa mwenye gari mkononi, akione. La pili lilihusu gari ambalo kazi yake haijaisha. Ufunguo wake ulikaa mfukoni mwake yeye, na kwenye usukani alifunga kitambaa chekundu. Kama lazima gari litoke kabla ya kumalizika, kitambaa kilitoka nalo, ili yeyote atakayekaa pale kwenye kiti, hata asiyejua habari, aulize kuna nini. "Wewe unaambia dereva mmoja," alikuwa akisema. "Gari iko na madereva wengi."

Nilimsikia vizuri sana. Sikuwa kiziwi.

Miaka mingi baadaye, Onchari ameshazikwa kwao, nilikuwa na gereji yangu mwenyewe. Siku moja alasiri likaja lori la majani la tajiri mmoja wa kukodisha magari. Gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa limelowa mafuta ya breki mpaka kwenye rimu. Raba za saizi ile sikuwa nazo, zilikuwa Kericho mjini. Dereva akasema yale maneno, "Fundi, nifanyie ya kufika. Kesho asubuhi nakurudishia." Nikafungua bomba, nikachomeka bolti. Nilifanya vile vile kama yule kijana wa simu, tofauti ni kwamba mimi sikuwa na simu ya kujirekodi. Kitambaa chekundu kilikuwa kwenye msumari mlangoni. Nilikiona kwa macho yangu haya. Nikafikiri kitamwaibisha dereva mbele ya wakulima, nikakiacha.

Kesho asubuhi hakurudi. Wala siku ya pili. Baadaye nikasikia amepata kazi Nakuru, ameacha lori. Sikupanda hata kilima kimoja kumwuliza tajiri gari lake liko wapi. Nilijiambia labda wamelitengeneza kwingine.

Lori lile alipewa Kiprono. Kiprono alikuwa dereva mwangalifu kuliko wote niliowajua, mtu wa kuzunguka gari mara mbili kabla ya kuwasha, na hakuna aliyemwambia lolote. Aliendesha siku tisa. Ya kumi mvua ilinyesha tangu asubuhi, na majani yakilowa uzito wake mnaujua. Akajaza, akaanza kuteremka kuelekea senta yetu akiwa kwenye gia ndogo kama inavyotakiwa. Katikati ya mlima pedeli ikaenda chini. Chini ya mlima wakulima walikuwa wamejaa barabarani na magunia yao. Kiprono akaona hawezi kusimama, akageuza lori kwenye ukingo, likapanda, likalala ubavu ndani ya majani chai. Karani wa kupima aliyekaa kando yake alivunjika mguu, na mpaka leo anachechemea. Kiprono aliumia nyonga. Ng'ombe wa maziwa wa Mama Chelangat, aliyekuwa amefungwa pale ukingoni, alikufa. Kati ya watu wa senta hakuna aliyeguswa.

Walimwita nani kuja kuvuta lori? Waliniita mimi.

Nilifika kabla ya mkaguzi wa magari. Watu walikuwa wamewazunguka majeruhi, wengine wanazoa majani. Nikaenda nyuma kushoto na spana yangu, nikaifungua ile bolti, nikarudisha bomba mahali pake, kisha nikalipinda na kulikata ili lionekane limekatikia kwenye ajali. Bolti nikaitupa kwenye majani chai. Ilinichukua muda mfupi, nilikuwa fundi mzuri. Mkaguzi alipokuja aliandika kwamba breki zote nne zilikuwa kamili kabla ya ajali.

Kiprono alisema mahakamani, "Pedeli ilienda chini." Akaulizwa itaendaje chini na breki ni kamili. Akarudia, pedeli ilienda chini. Wakamnyang'anya leseni, tajiri akamfukuza. Watu wa senta ambao aliwakwepa ndio waliompa jina. Walimwita Pedeli. Akipita na fimbo yake utasikia mtu anaita kutoka kwenye majani, "Pedeli, imeenda chini ama iko juu?" Wote wanacheka. Nilikuwa nikisikia. Siku nyingine nilikuwa nimesimama katikati yao. Alivumilia miaka kadhaa, kisha akamwachia ndugu yake shamba la majani, akahamia Ndanai, akalima mahindi.

Mnaona sasa kwa nini nilimtukana yule kijana mpaka lugha zikaniishia. Nilikuwa namtukana mtu mwingine. Kesho yake, pikapu ilipotengenezwa, sikwenda nyumbani. Nilipanda gari la Ndanai.

Nilimkuta Kiprono na mkewe wamekaa uani wanapukuchua mahindi. Amezeeka, nywele zimekuwa nyeupe, ile nyonga ameikunjia upande.

"Chamgei, Kiprono."

"Chamgei mising', Fundi. Umepotea sana. Mama Chepkoech, letea Fundi kiti."

Sikukaa. Nilijua nikikaa nitaletewa chai, na nikishakunywa chai nitaanza kuuliza habari za mvua. Nilimwambia nikiwa nimesimama. Nikamwambia bolti, nikamwambia kitambaa, nikamwambia lile bomba nililolikata kwa mkono wangu. Kiprono hakuacha kupukuchua. Mkewe ndiye aliyesimama, mahindi yakamwagika.

"Ni wewe?" akasema. "Wewe Ochieng? Unajua harusi ya Chepkoech ni nani aliendesha gari ya bibi harusi? Mtu wa kukodi kutoka Bomet! Huyu hapa alikuwa amerudishiwa leseni, ameosha gari ya ndugu yake asubuhi, ameweka maua. Ndugu yake wa tumbo moja akasema Pedeli asiguse hiyo usukani, ataua mtoto. Baba ya bibi harusi akakaa nyuma kama mzigo. Na wewe ulikuwa kwa hiyo harusi. Ulikula nyama!"

"Nilikula," nikasema.

"Ulikula na ukaomba ingine."

Hata hilo lilikuwa kweli. Nilitamani anipige. Alikuwa ameshika gunzi, na kwa jinsi nilivyojichukia saa ile ningempa kichwa.

Kiprono akauliza, "Umemaliza?"

"Nimemaliza. Nimekuja kuomba msamaha."

"Basi hujafanya kitu." Akatupa gunzi, akachukua hindi lingine. "Kuniambia mimi ni ya nini? Mimi nilijua pedeli ilienda chini. Nilikuwa hapo. Na hapa Ndanai mimi ni mzee wa mahindi, hakuna mtu ananiita jina mbaya. Wale hawajui ndio wako kule. Enda uambie wao, kule kule senta, siku ya majani, wakiwa wengi. Na mimi nitakuja nisikie na masikio yangu."

"Wanaweza kunipeleka polisi, Kiprono."

"Wakupeleke."

Mkewe akaniongezea, "Na usiende kusema kwa kanisa wakuombee. Sema kwa senta."

Nilirudi nyumbani na hasira ambayo sikuielewa. Nilimkasirikia yeye! Nikasema moyoni, mtu nimekuja mwenyewe, nimejieleza, bado anataka nini? Ilinichukua siku nzima kukubali kwamba anachotaka ni haki yake. Vijana, hilo nalo lijueni. Ukikosea kwenye gari la mtu, ukasema siku hiyo hiyo, utatukanwa, utarudia kazi, na Jumapili mtasalimiana. Ukingoja, kosa linazaa. Mimi nilianza na bolti moja tu, ambayo ningeitoa kesho yake kwa spana namba kumi na moja.

Jumatano, siku ya majani, nilivaa suti. Nilifika senta saa tisa, mvua imetoka kupita, wakulima wamekaa juu ya magunia wakingoja kupimiwa. Kiprono alikuwa ameshafika, amesimama kando ya ua na fimbo yake, mkewe pembeni. Nilimsikia mtu ananong'ona lile jina, mwingine akacheka puani. Mwenyekiti wa senta siku hizi ni Mama Chelangat, yule mwenye ng'ombe. Nikamwomba ruhusa ya kuongea. Akadhani ni tangazo la mazishi, akawanyamazisha watu.

Nikasema. Sikutafuta maneno mazuri. Nilisema Kiprono alikuwa mkweli na mimi nilikuwa mwongo, nikaeleza bolti nilivyoichomeka na nilivyoitoa, nikawaonyesha kwa mkono sehemu ya majani chai nilipoitupia. Nikasema kama hangegeuza lori ukingoni lingepita juu yenu, na nyinyi mlimlipa kwa kumpa jina.

Halafu mzee mmoja akainuka, "Fundi, na mimi ile gari yangu ya bluu ulinirudishia ikiwa na breki ngapi?" Mwingine akadakia, "Na yangu! Ile ilikuwa inavuta kwa kulia!" Ikawa kelele tupu, kila mtu anauliza gari lake, hata lililokwisha kuuzwa vyuma kuukuu. Mmoja aliniita muuaji. Karani wa siku hizi akaacha mizani. Nilisimama hapo na suti yangu nikijibu nilichokumbuka, na yale niliyoulizwa kwa matusi nikayaacha.

"Nyamazeni!" Mama Chelangat alipiga gunia kwa fimbo. "Mambo ya magari yenu mtamwuliza baadaye. Huyu mtu ameongea juu ya Kiprono." Akamgeukia. "Kiprono, miaka hii yote nimekupita kwa njia bila kukusalimia, kwa sababu ya ng'ombe. Na kumbe hiyo ng'ombe ilikufa ndio mimi nisikufe. Nilikuwa nimekaa hapa hapa, mbele."

Kiprono aliegemea fimbo kwa mikono yote miwili.

Mama Chelangat akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni ya kuchunia, akatoa ufunguo wa pikapu ya kijana wake iliyoegeshwa kando ya mizani. Akavuka lile tope mpaka kwenye ua, akamwekea mkononi. "Majani yangu yamepimwa. Nipeleke nyumbani," akasema. Kisha akaenda akafungua mlango wa mbele, akakaa, akafunga mkanda, akaangalia mbele.

Kiprono aliuangalia ufunguo kwa muda mrefu. Akampa mkewe fimbo. Akaizunguka pikapu mara mbili, polepole, akishikilia bodi kwa mkono. Akafungua boneti, akaangalia chupa ya mafuta ya breki, akaitikisa, akafunga boneti. Akaingia kwenye kiti, akakanyaga pedeli mara tatu. Halafu akashuka tena, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akaniangalia usoni.

"Fundi," akasema. "Lala chini uangalie."

Palikuwa na tope la kufika kwenye kifundo cha mguu, na magoti yangu nimeshawaambia. Nilivua koti la suti, nikamtafuta wa kumpa nikakosa, nikaliweka juu ya boneti. Nikapiga goti, nikalala chali, nikajivuta mpaka chini ya pikapu. Nikashika bomba la kwanza kwa vidole, nikalifuata mpaka mwisho, nikasema kwa sauti, "Mbele kulia, nzima." Nikajivuta. "Mbele kushoto, nzima." Nikajivuta nikafika nyuma, maji ya tope yakaniingia sikioni. "Nyuma kulia, nzima. Nyuma kushoto, nzima. Hakuna iliyozibwa."

Niliona viatu vyake vimesimama karibu na uso wangu, na nyuma yake viatu vya senta nzima.

"Rudia," akasema Kiprono.

Nikajivuta tena mpaka mbele kulia, nikaanza upya.